Chumvi ya Albamu

Jumatatu, 3 Machi
Mwimbaji wetu kaondoka! Nyimbo nane za disko ziko tayari, kinanda nimepiga mwenyewe, zimebaki sauti tu. Studio ni Ijumaa. Tukiikosa, mpiga besi na mpiga ngoma wanasema kila mtu ashike njia yake. Eti mwimbaji amechoshwa na kelele zangu za "Chezeniii!" katikati ya beti zake. Kelele! Ile ndiyo chumvi ya wimbo. Wivu tu. Mwenye wivu ajinyonge.

Jumanne, 4 Machi
Nimejaribu kuimba mwenyewe. Mpiga besi kaniomba nirudie. Nikarudia kwa furaha. Akasema alitaka tu kuhakikisha kwamba masikio yake hayana kasoro.

Jumatano, 5 Machi
Mungu hamtupi mja wake! Mama mkwe, aliyekuja kutusalimia kwa siku mbili mwezi uliopita na bado yupo, alikuwa akiosha vyombo huku anaimba. Sauti gani ile! Nikanyemelea dirishani na simu nimrekodi. Nikajikwaa kwenye ndoo. Maji ya vyombo yakanifika kichwani kabla sijatoa shikamoo. Kumbe alidhani mwizi. Nilipomweleza shida yangu alicheka, akasema ataimba, ila kwa sharti moja: yeye akiimba, mkwe wake anyamaze. Nikaapa mbele ya mke wangu.

Ijumaa, 7 Machi
Studio. Mama mkwe kaimba hadi mpiga ngoma akalia waziwazi. Nami nililia kidogo. Wimbo wa tatu, pale panapokolea, mdomo ukafunguka wenyewe. Chezeniii! Mama mkwe akavua hedifoni, akaziweka mezani taratibu, akaniuliza kama naumwa. Nikamfafanulia habari ya chumvi. Akasema amepika miaka mingi na hajaona chumvi inayojimwaga yenyewe chunguni. Akatoka. Wote wakamfuata, hata fundi mitambo, na studio ni yake!

Jumapili, 9 Machi
Nimefungiwa chumbani. Ufunguo anao mke wangu. Sebuleni wanamalizia albamu: mama mkwe, besi, ngoma, fundi na mitambo yake. Hata yule mwimbaji karudi, anaitikia! Nyimbo zangu, nyumba yangu, bila mimi. Inauma.

Sasa wanarekodi wimbo wa mwisho. Ni mtamu, sikatai. Lakini umepooza kidogo pale katikati, na maskini hawajui dawa yake. Bahati nzuri ukuta wenyewe ni mwembamba.

Naweka kalamu chini. Navuta pumzi.