Furushi Lenye Kishada

Jumatano, 5 Novemba 2025. Mjini Ibra, Omani.

Leo nimempata Bi Radhia! Huyu ni mama yake Fawziya. Fawziya ni mwalimu, nami nampenda mpaka naandika jina lake pembeni mwa mafaili ya ofisi. Bila ridhaa ya mama hakuna posa. Na mama anamtakia bintiye mtoto wa dada yake huko Sur, Muhannad, mhandisi, mwenye Landkruza na meno mazuri. Mimi nina Korola.

Bi Radhia alijisifu kuwa hakuna chakula asichokila, tangu Unguja alikozaliwa mpaka Maskati. Nikamuuliza, na cha Peru? Hajakila! Nikasema Jumamosi nitampeleka mlimani Jabal Akhdar, kuna mkahawa wa Waperu. Akauliza Peru iko wapi. Nikasema ukishapita India, mbele kidogo.

Alhamisi, 6 Novemba.

Nimepiga simu mkahawani. Chakula chao kikubwa kinaitwa pachamanka: vyakula hufukiwa shimoni pamoja na mawe ya moto. Mbuzi kachinjwa kihalali, nimeuliza. Nikacheka peke yangu. Nyama ya shimoni! Hapo mimi si mgeni. Kwetu shuwa ya Idi magunia ya mtaa mzima huingia shimo moja, na kila nyumba hulifunga alama gunia lake, jirani asilichukue. Basi nitawahi uani, nichague furushi kubwa, nilitie alama. Bi Radhia ale paja. Muhannad atafune mifupa.

Jumamosi, 8 Novemba.

Aibu! Kwenye kizuizi cha barabarani chini ya mlima polisi wameirudisha Korola. Kupanda ni kwa magari ya nguvu tu. Nilisahau vipi? Na nyuma yetu nani? Muhannad! Kumbe Bi Radhia alimwalika. Tukahamia Landkruza yake, mimi kiti cha nyuma, kapu la matunda mapajani.

Tulipofika nikasingizia naenda kutawadha, nikachomoka mpaka uani. Mpishi anahangaika na mawe. Mafurushi yamefungwa kwa majani ya mgomba. Nikaliona kubwa lao. Uzi sina! Nikakata kishada cha shingoni mwa kanzu yangu mpya, nikakifunga hapo. Nikarudi mezani na uso wa mcha Mungu.

Walipofukua, Bi Radhia akauliza, mkahawa mzima ukasikia, hii si shuwa? Wallahi safari yote hii kuja kula shuwa? Muhannad akamuunga mkono haraka. Nikaruka, nikaonyesha kishada, nikasema lile ni letu. Mhudumu akaleta. Likafunguliwa.

Viazi! Vitamu na mbatata, na maharage juu yake. Nyama ilikuwa kwenye furushi dogo, nalo limekwenda kwa Wajerumani.

Muhannad alicheka hadi akapaliwa. Bi Radhia akakitazama kishada, akaitazama shingo yangu. Akauliza kama ni mimi. Nilitaka kusema panya. Nikashindwa, nikasema nilitaka yeye apate kinono. Akamenya kiazi kitamu, akala, akachukua kingine. Kisha akasema kwao Unguja wakivichoma jivuni, na baba yake ndiye aliyekuwa akimmenyea. Machozi yakamlengalenga. Mimi pia, ila yangu yalikuwa ya pilipili. Muhannad alikuwa keshaagiza kuku.

Jumapili, 9 Novemba.

Fawziya kapiga simu. Mama kasema mtu anayekata kanzu yake ili mwenziwe ale vizuri si mtu mbaya. Ijumaa nilete wazee wangu. Sharti ni moja, mambo yawe wazi, hila basi.

Nimelia chooni ofisini kwa furaha. Nimeapa. Hila khalas! Mimi ni mtu mpya.

Jumanne, 11 Novemba.

Kuna tatizo dogo. Mzee wangu ni Ami Hilali, na maneno ya posa ni yake. Mtu mwema, lakini akifungua kinywa huishia kwenye kuhara kwa ng'ombe wake. Mbele ya Bi Radhia? Haiwezekani.

Alhamdulillahi nimepata mzee mmoja mjini Bahla, mfinyanzi mstaafu. Ndevu nyeupe, Kiswahili cha Unguja kinamtiririka. Kakubali kuwa ami yangu Ijumaa. Ami Hilali nimemwambia posa ni Jumamosi.

Hii si hila. Ni matayarisho.