Usiguse, kwa Amri ya Fundi Mkuu

Jumatatu, 6 Oktoba

Kazi imekuja yenyewe mlangoni. Kazi ya heshima! Gari-nyumba zima, lenye kitanda, jiko, friji, sinki na choo, limeegeshwa uani mbele ya karakana yangu, chini ya dirisha la mama mkwe. Majirani wamekuja kuchungulia. Nimewafukuza, lakini polepole, ili waone vizuri.

Mwenye gari ni Mwalimu. Yule yule aliyenifundisha darasa la sita, akaandika kwenye ripoti yangu: "Hufungua kila kitu. Hafungi chochote." Miaka thelathini na moja imepita. Sijasahau hata nukta.

Sasa amestaafu. Jumamosi saa tatu asubuhi yeye na mumewe, Mzee, wanaondoka kwenda harusi ya binti yao. Siku mbili njiani. Mzee ana kisukari, na dawa yake ya sindano lazima ikae kwenye friji. Friji nalo haliwaki bila paneli iliyo juu ya mlango, kisanduku chenye kioo kidogo na vitufe vinane. Hicho ndicho kinachoamrisha taa, pampu ya maji, friji, kila kitu. Tangu wiki iliyopita kioo kinapepesa tu, kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima. Mwalimu ameniuliza kama naiweza. Kuniuliza mimi! Kibao changu barabarani kinasema HAKUNA KISICHOTENGENEZEKA.

Bahati mbaya Daktari alikuwa anasikiliza. Si daktari wa watu. Ni fundi simu wa ng'ambo ya barabara, anavaa koti jeupe ili wateja wamwogope. Akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka dukani, kwamba vifaa vya kisasa si vya watu wa redio za mbao. Damu ikanichemka. Nikatangaza mbele ya wote: Jumamosi saa tatu paneli isipowaka, nateremsha kibao changu kwa mikono yangu mwenyewe, naye alete ngazi. Akasema ngazi anayo.

Nikaanza papo hapo. Nikapima umeme kwa mita: volti kumi na mbili, safi kabisa. Kisha usalama kwanza. Chini ya kiti cha dereva kuna swichi nyekundu inayokata umeme wa upande wa nyumba. Nikaizima, nikabandika karatasi juu yake: USIGUSE! KWA AMRI YA FUNDI MKUU. Ndivyo wanavyofanya mafundi wakubwa. Halafu nikaing'oa paneli na kuipeleka mezani.

Mwalimu ataifuta ile ripoti. Lazima aifute.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeliona tatizo! Saa moja tu na lenzi. Nyuma ya saketi kuna mguu wa kifaa kimoja uliolegea, risasi yake ya kuchomea imepasuka duara, ufa mwembamba kuliko unywele. Gari likitikisika, mguu unacheza, kioo kinapepesa. Nikauchomea upya. Mchomo mzuri, unang'aa. Nilimwita mke wangu auone. Akasema ni nukta. Ndiyo, ni nukta, lakini nukta ya nani?

Nikairudisha garini, maana bila ile plagi yake yenye nyaya thelathini haiwaki mezani. Nikaichomeka. Nikabonyeza.

Giza. Hata ule upepesaji wa jana haupo.

Mke wangu akasema jana ilikuwa mgonjwa, leo nimeiua. Nikaenda mbele, nikawasha injini. Ikanguruma. Nikapiga honi. Ikalia. Basi umeme upo, mjadala umefungwa. Kuna tatizo la pili, limejificha nyuma ya la kwanza. Fundi mwingine angekata tamaa. Mimi nimefurahi.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimebadilisha kapasita zote nne, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, kwa nyingine nilizozitoa kwenye televisheni ya mama mkwe. Aliniuliza picha imekwenda wapi. Nikamwambia Mama, inapumzika.

Paneli kimya.

Nikabuni mpango. Nikamtuma shemeji, kaka wa mke wangu, kwa Daktari. Nilimfunza vizuri: aulize kana kwamba ni jambo la rafiki wa mbali, kuhusu redio, asiguse kabisa habari ya gari. Dakika tatu hazikuisha, amerudi anacheka. Alimwambia Daktari kwamba shemeji yake ameshindwa na paneli ya gari la Mwalimu, ila ameambiwa asiseme. Nikamuuliza kwa nini. Akasema aliulizwa kwa upole. Huyu ndiye mjomba wa wanangu!

Na jibu la Daktari je? Kwamba nirudi mwanzo. Ushauri gani huo? Mimi nasonga mbele.

Alhamisi, 9 Oktoba

Siku mbaya. Naandika kwa sababu mwanaume hufunga mkanda na kuandika.

Mwalimu alituma habari kwamba atapita saa kumi kutazama maendeleo. Maendeleo yenyewe yalikuwa vipande ishirini na sita kwenye sinia. Nikaifunga paneli mbio mbio, na nyuma ya kioo nikapachika tochi ndogo ya kuning'inizia funguo. Ikatoa mwanga wa kijani mzuri sana. Ukisimama mbali kidogo ungeapa inafanya kazi.

Mwalimu hakusimama mbali. Alibonyeza kitufe cha taa. Hakuna taa. Nikasema taa huja mwisho. Akabonyeza kitufe cha pampu, akafungua bomba la sinki mpaka mwisho. Hakuna maji. Nikasema maji yako njiani. Akavaa miwani, akaingiza ukucha pembeni ya paneli, akaivuta ile tochi na kunikabidhi pamoja na mnyororo wake. Akasema nimeota mvi lakini sijabadilika. Akaondoka. Hata bomba hakulifunga, na mimi sikuwa na nguvu ya kulifunga.

Haki ya Mungu, nilijiona nina miaka kumi na miwili.

Lakini sikubali! Hata siku moja! Aliyeshindwa ni tochi, si mimi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Asubuhi nilimkuta Daktari nje ya duka lake anafuta vumbi kwenye ngazi. Hatua kwa hatua, kwa kitambaa. Aliponiona akavuka barabara na kuniuliza, tena kwa sauti ya chini, kama nimepima tena umeme unaofika kwenye plagi. Nikampa vidonge vyake. Nilimwambia nilipima Jumatatu, na nikipima nimepima. Kurudia vipimo ni tabia ya watu wasiojiamini. Akainua mikono, akarudi kwenye ngazi yake.

Mchana akaja Mzee mwenyewe, taratibu, na mkongojo. Nilidhani amekuja kunisema. Kumbe amekuja kuniambia nisijitese. Paneli isipopona, Mwalimu atapanda basi aende peke yake, yeye atabaki nyumbani na dawa zake, ataiona harusi kwenye picha. Akasema binti yao anaelewa. Kisha akauliza kama suti aliyokwisha kuinyoosha aiache ikining'inia garini au airudishe kabatini.

Roho imeniuma sana. Nilimwambia suti ikae hapo hapo garini.

Nimeifungua paneli mara ya tano. Nimevua vitufe vyote, nimevisafisha kimoja kimoja, nimevirudisha. Nimebakiwa na skrubu mbili na kispringi. Kiwandani huzidisha vitu, wanajulikana kwa hilo.

Mke wangu ameniomba nimwite Daktari, kwa ajili ya Mzee tu. Thubutu! Nimesema kesho asubuhi itawaka.

Jumamosi, 11 Oktoba

Saa mbili na nusu walikuwa wamefika wote. Mwalimu na masanduku. Mzee na kisanduku cha barafu mapajani, dawa ndani, barafu imeshaanza kuwa maji. Shemeji, kwa ajili ya kutazama. Daktari na koti jeupe limepigwa pasi, ngazi begani. Akaiegemeza chini ya kibao changu. Akasema hana haraka.

Nikachomeka paneli. Nikabonyeza. Giza.

Nikabonyeza tena, vitufe vyote vinane, kimoja kimoja, kisha kwa pamoja. Giza. Daktari akaingia garini bila kukaribishwa, akasimama karibu na sinki ili aone vizuri ninavyoshindwa. Mzee akasema hamna neno, mwanangu. Afadhali angenitukana.

Mama mkwe naye tangu alfajiri alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva, anafuma sweta. Anasema ndicho kiti pekee uani kisichomuumiza mgongo. Bonge lake la uzi likaanguka na kuviringika chini ya kiti. Akainama kulitafuta, akaibuka na karatasi. Akaisoma kwa sauti, maana yeye husoma kila kitu kwa sauti: usiguse, kwa amri ya fundi mkuu. Akauliza mwandiko mbaya hivi ni wa nani. Nikasema ni wangu, Mama. Akauliza na hii swichi nyekundu iliyokuwa chini yake, mbona imeandikwa IMEZIMWA?

Wote wakanigeukia. Daktari wa kwanza.

Nikasema, kwa sauti tulivu kabisa, kwamba ndiyo hatua niliyokuwa naielekea.

Mama akaibonyeza yeye mwenyewe, kwa sindano ya kufumia. Loo! Kioo kikawaka kijani, kikatulia tuli bila kupepesa. Friji likaguna. Pampu ikanguruma, na bomba aliloliacha Mwalimu wazi tangu Alhamisi likatema maji yote ya wiki nzima kwenye koti la Daktari. Kuanzia kola mpaka mfuko wa kalamu. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile.

Daktari alipojifuta akasema sasa imejulikana: paneli ilipona tangu Jumanne, zile siku nne nyingine nilikuwa namfanyia upasuaji mtu mzima wa afya. Wivu huo! Ni kweli kitufe cha taa sasa kinawasha pampu, na cha pampu kinawasha taa. Mwalimu ameviandika upya kwa kalamu. Dakika moja tu.

Mzee aliziweka dawa kwenye friji kwa mikono yake miwili, akakaa kando yake mpaka likapoa. Kisha akanishika mkono, hakuuachia. Akasema atacheza kwa niaba yangu kwenye harusi. Macho yaliniwasha, nikasingizia moshi wa risasi.

Kabla ya kuondoka Mwalimu aligeuza ile karatasi yangu na kuandika nyuma yake: "Amefunga kimoja. Skrubu mbili hazipo." Nimeibandika ukutani. Kibao kiko palepale. Ngazi imerudi kwao.

Jumapili, 12 Oktoba

Kichwa kiko juu. Nimeamua kumfidia mama mkwe ile picha ya televisheni. Friji lake linatetemeka kwa kelele tangu mwaka jana. Leo leo!

Nimefuata utaratibu wa kitaalamu. Nimepima umeme ukutani: safi. Usalama kwanza: nimezima swichi kuu ya nyumba, nimebandika karatasi mpya, yenye mwandiko mzuri. Nikalifungua friji. Ni mguu mmoja wa kompresa, ile mota ya friji, uliolegea tu, nimeukaza. Dakika kumi! Nikalifunga, skrubu zote mahali pake, zote, Mwalimu angekuwepo angeona.

Nikalichomeka. Halitetemeki. Haliwaki pia.

Kuna tatizo la pili, limejificha nyuma ya la kwanza. Na siku yenyewe ina mkosi: mke wangu anasema pasi imekufa, shemeji anasema redio imekufa, vyote kwa wakati mmoja. Mkono wa Daktari upo hapa, sitaki kuambiwa. Lakini hanijui vizuri.

Nimeshaitoa kompresa nje, iko kwenye sinia. Mama ameniuliza kama nimepima tena umeme. Nimemjibu kwa heshima zote kwamba nilishapima asubuhi.