Mlezi wa Bendi Namba Tatu

Jumatatu, 3 Februari

Barua kutoka kwa Threlfall. Nimeizunguka mezani tangu asubuhi kama mtu anayezunguka mzinga wa nyuki. Nimeifungua saa kumi jioni. Ni mbaya kuliko nilivyoogopa.

Chama cha Santuri Ndefu kitakutana Alhamisi ya wiki ijayo, chumba cha juu cha baa ya Jembe, kupanga upya Orodha ya Kumi. Yaani bendi kumi zenye uzito kuliko zote katika roki ya progresivu ya zama hizi. Namba moja ni Porcupine Tree, mlezi wake Threlfall mwenyewe, kama kila mwaka. Namba tatu ni Opeth, wale Waswidi. Mlezi: Avis Pask, marehemu mke wangu.

Threlfall anasema, kwa heshima na pole nyingi, kwamba kanuni ya sita inajulikana. Bendi isiyo na mlezi aliye hai inaondoka. Jina la mlezi linafutwa ubaoni. Isipokuwa mtu wa nyumba yake aurithi ulezi na kufaulu kikao. Hapo bendi inabaki, na jina linabaki.

Jina la Avis liko kwenye ubao ule, kwa rangi nyeupe, juu ya hita. Nililiona mara moja tu, siku nilipompelekea mwavuli.

Nimejibu kabla woga haujanishika vizuri. Nimeandika kwamba nitaurithi ulezi, na kwamba nimewasikiliza Opeth kwa miaka ishirini na tano.

Uongo mtupu. Kila Avis alipoweka santuri, mimi nilikwenda kwenye kibanda cha vioo kukaa na liki zangu, zile mboga za ukoo wa vitunguu. Mwimbaji wao ananguruma! Ananguruma kama kitu kinachoishi chini ya ngazi. Na Avis alikuwa mkutubi. Hata paka alimwita kwa sauti ya maktaba.

Jumanne, 4 Februari

Nimekutana na Roz Hindle kwa muuza nyama. Bahati mbaya. Roz anaendesha basi la shule na ana mabega ya kazi hiyo. Kwa miaka minne ameisukuma bendi yake ya Norwe, Leprous, iingie kwenye Kumi, na kwa miaka minne imekwama namba kumi na moja. Opeth wakitoka, Leprous wanaingia. Huyu ndiye adui.

Ameniuliza ni kipindi gani cha Opeth ninachokipenda zaidi. Nimesema cha katikati. Ameuliza katikati ya wapi na wapi. Nimesema nimeacha kitu motoni, nikakimbia bila soseji zangu.

Amenifuata nazo hadi nje. Akanipa mkononi. Mjanja sana. Anataka nimwonee haya.

Jumatano, 5 Februari

Threlfall amepiga simu kunieleza kikao. Alikuwa mpima ardhi. Anaeleza kila kitu kama mpaka wa shamba. Mlezi analeta santuri tano. Anaandika majina yake kwenye vikaratasi vitano, vinatiwa kofiani, kimoja kinachaguliwa. Upande wa kwanza unapigwa wote, mwanzo hadi mwisho. Hakuna kunywa, hakuna kwenda msalani. Sindano ikishanyanyuliwa, mlezi anasimama na kuitetea bendi yake. Akifungua mdomo kabla ya sindano kunyanyuliwa, bendi imeanguka.

Nimesema hilo ni rahisi. Amesema wengi waliodhani hivyo majina yao hayapo ubaoni. Muziki huu, kasema, haukuagi unapoondoka, na wala haujaondoka unapodhani umeondoka. Mgeni hupiga makofi katikati. Mwaka 2016 mtu alipiga makofi, wakarushiana hadi karanga.

Sikupata usingizi wa mchana.

Ijumaa, 7 Februari

Nimesoma daftari la Avis. Nilitarajia maelezo ya kunakili: nani anapiga nini, mwaka gani. Hamna. Ameandika mambo yake tu. “Dakika ya nne: kama kuwasha taa jikoni ukakuta kila kitu kiko mahali pake.” Pengine: “Gitaa la mbao. Len anamwagilia, namwona dirishani.” Len ni mimi. Pengine: “Len anadhani ni hasira. Ni huzuni tu, imekosa adabu.”

Nimelifunga. Halifai kwa hotuba.

Lakini limenipa jambo moja kubwa! Ameandika kwamba kuna miaka mwimbaji aliacha kunguruma, akaimba tu, albamu baada ya albamu. Na mojawapo iko hapa nyumbani. Jalada lake liko kitini kando ya gramafoni. Mpango umekuja wenyewe: nitaandika jina la santuri hiyo hiyo kwenye vikaratasi vyote vitano. Yeyote atakayechagua, atachagua upole.

Kuna kikwazo. Gramafoni nimeifunika kitambaa cha meza tangu Novemba. Chini ya kitambaa kuna santuri nyingine, ambayo lazima irudi jaladani kabla sijabeba kitu. Avis aliiweka asubuhi ile ya mwisho, akasema amechoka kidogo, atamalizia baadaye.

Kesho.

Jumapili, 9 Februari

Jana sikuweza. Leo nimevaa viziba masikio vyangu vya zamani vya kazini, vile vya kukatia nyasi za bustani za halmashauri. Nimefumba macho. Nimeondoa kitambaa, nimeshika santuri kwa kingo kama alivyonifundisha, nimeisukumiza kwenye jalada la kwanza lililoguswa na mkono wangu. Majalada yalikuwa mawili pale kitini.

Imogen, binti yetu, amepiga simu kutoka Bristol. Sikusikia simu kwa sababu ya vile viziba. Akampigia jirani. Jirani akaja, akanikuta nimekaa chini sakafuni na viziba masikioni na kitambaa cha meza mapajani. Ilibidi nieleze mengi.

Imogen amesema, “Baba, waambie ukweli tu. Waambie hujui muziki ila unataka jina la Mama libaki. Watu hawali watu.”

Watoto hawajui dunia. Hajamwona Roz Hindle.

Jumanne, 11 Februari

Nimenakili hotuba kutoka kwenye gazeti la muziki. Kurasa mbili. Ina maneno kama “usanifu wa sauti”. Nimeisoma mbele ya liki. Sauti yangu inatetemeka kuanzia mstari wa tatu. Nimeanza mstari wa nne. Hapo inatetemeka tangu mwanzo.

Nimeota Threlfall amesimama kwenye ngazi na kopo la rangi nyeusi.

Alhamisi, 13 Februari

Naandika haraka.

Saa nane mchana, chumba cha juu. Mvua. Threlfall na saa yake ya kuhesabia sekunde. Roz amevaa fulana ya Leprous juu ya sweta. Ndugu wawili Yapp, wakulima wa tufaha, walezi wa Riverside na Haken, wamekaa bega kwa bega kama viatu. Wanne tu. Sikutazama ubao.

Vikaratasi vikatiwa kofiani. Threlfall akachagua. Akasoma jina la ile ya upole. Nilipumua kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ya wiki jana. Mara Yapp mkubwa akasema ana hamu ya kujua nilileta zipi nyingine, akanyoosha mkono kwenye kofia! Nikairukia. Nikajaza vikaratasi vinne mfukoni, nikamwaga chai ya Threlfall. Nikasema mimi ni mtu wa siri. Yapp akasema Avis hakuwa hivyo.

Sindano ikashuka.

Gitaa. Zuri. Nikatabasamu kama mtu aliyewasikiliza miaka ishirini na tano. Kisha yule aliye chini ya ngazi akafungua mlango.

Alinguruma! Santuri haikuwa ile. Nilitia nyingine kwenye jalada lile, juu ya ile ya upole, mimi mwenyewe, Jumapili, nimefumba macho. Na nilijua ni ipi. Ni ile ya asubuhi ile.

Nilishika kiti. Jasho hadi soksini. Kilichonitisha zaidi ya mngurumo ni kwamba tulikuwa tunakaribia pale alipoishia, na sikujua ni wapi. Kila dakika nilidhani ni hapa. Au hapa.

Kisha vyombo vikaanza kupungua. Ngoma zikatoka. Gitaa moja likabaki, likapiga kidogo, likanyamaza. Kimya. Kimya kabisa. Nikasikia mvua tu.

Imekwisha, nikajisemea. Nimeokoka. Nikasimama. Hotuba ilikuwa kwenye mfuko uleule wenye vikaratasi. Nilipovuta, vikaanza kudondoka, nikaogopa kuvuta zaidi. Basi nikasema bila karatasi.

Nilisema sijui muziki huu. Nilisema kila santuri ilipokwisha Avis alikuja hadi mlango wa kibanda cha vioo na vikombe viwili vya chai, uso wake ukiwa kama uso wa mtu aliyetoka kuoga baharini, na mimi nikamwambia habari za liki. Hata siku moja sikumuuliza amesikia nini. Nilikuwa na miaka ishirini na tano ya kuuliza. Nilisema nyumba imenyamaza kiasi kwamba naogopa kuweka kijiko mezani. Nilisema jina lake likifutwa pale juu, sijui kwingine ambako ameandikwa na watu waliojua alichokuwa anasikiliza.

Nikageuka kumshukuru Threlfall. Nikaona sindano. Bado iko chini. Santuri inazunguka.

Wakaingia wote kwa pamoja, ngoma, magitaa, na yule wa chini ya ngazi. Nilipiga ukelele. Nilimrukia mtu wa karibu, naye alikuwa Roz Hindle. Akanikalisha kitini kwa mkono mmoja kama anavyowakalisha watoto, na mkono hakuuondoa. Dakika tisa zilibaki. Hakuna aliyenitazama. Yapp mdogo alikuwa akiangalia dari.

Sindano ikanyanyuliwa. Threlfall akafungua kitabu cha kanuni. Akaufuta uso wa saa yake. Akasema kwamba swali lazima liulizwe, na kwa kuwa Bibi Hindle ndiye anayengojea nafasi, aulizwe yeye kwanza. Je, mlezi alifungua mdomo kabla ya wakati?

Nilifumba macho.

“Mimi nilikuwa nasikiliza muziki, Gordon,” Roz akamwambia Threlfall. “Kwani kuna mtu alisema kitu?”

Yapp mkubwa akasema yeye alimsikia Mswidi tu. Yapp mdogo akasema hivyo hivyo. Threlfall akapenga kamasi muda mrefu sana kwa mtu asiye na mafua. Kisha akaandika: namba tatu, inabaki. Mlezi, Avis Pask, na chini yake, L. Pask.

Nikashuka ngazi nimeshika ukuta.

Ijumaa, 14 Februari

Nimelala hadi saa tatu. Nimeamka nikiwa na akili safi, na nimeelewa kila kitu.

Ni viziwi!

Wote wanne. Nilizungumza dakika nzima, kwa sauti ya mtu anayemwita mbwa uwanjani, kwenye chumba kisichozidi banda la kuku. Hawakusikia neno! Na ndiyo maana wanaupenda muziki huu. Miaka yote hii inawabidi wangurumiwe ndipo kitu kiwafikie. Masikini. Nami niliwaogopa.

Nimempigia Imogen kumweleza. Akasema, polepole, “Baba, hawakuwa viziwi.” Nimemwambia yeye hakuwepo. Akaanza kucheka, au kulia; simu za Bristol si nzuri. Akasema ananipenda. Nimemwambia asante, na kwamba nina kazi.

Maana nina kazi kweli. Kama nimeweza kubaki namba tatu kwa kelele na ukelele, basi mwakani ni namba moja. Porcupine Tree washuke. Threlfall hatasikia lolote hadi rangi ikauke. Mpango: vikaratasi vitano tena, lakini kwanza nitazame ndani ya jalada. Hotuba ileile ya gazeti. Na nitaisoma wakati wowote ninaotaka, kwa kuwa hakuna anayesikia.

Kwenye duka la dawa nimechukua vipeperushi vinne vya kupimwa masikio. Vitatu nimevificha kabatini mpaka baada ya kikao cha mwakani. Cha nne nimekipenyeza leo hii chini ya mlango wa Roz Hindle, bila jina, nikakimbia.

Adui ni adui. Lakini mwanamke yule anaendesha basi la watoto.