Methusela Juu ya Mlingoti wa Upepo

Jumatatu, 5 Oktoba 1953
Daftari, nisamehe. Dada Loisi alikutuma kutoka Kondoa tangu Pasaka, nami mpaka leo nimekutumia kufunikia maziwa tu. Sababu ninayo: Methusela. Miezi mitano, uso wa mzee wa kanisa, vipele vya joto shingo nzima. Halali. Yeye asipolala, mimi silali.

Seth, mume wangu, amepelekwa Bahi kusimamisha mlingoti wa pili wa Bwana Upepo, ndivyo tunavyomwita Mzungu wa vipimo vya hewa. Huu wa kwanza, hapa shambani Kikuyu, nausoma mimi badala yake, kila saa. Una vipimajoto, na vikombe vinavyozungushwa na upepo: futi moja, futi nne, futi nane. Bwana anasema ardhi inaipa hewa joto, upepo nao unaiachia ardhi nguvu zake. Tofauti ya chini na juu ndiyo inayomwonyesha wamepeana kiasi gani. Jumamosi anakuja kukagua. Nikiharibu, kazi anapewa Yotham, mlinzi wa uzio. Huyo anasema mwanamke mwenye mtoto atapima homa ya mtoto.

Saa saba mchana: futi moja, nyuzi 101 za Farenhaiti. Futi nane, nyuzi 95. Na upepo wa juu mara mbili ya wa chini! Mwanangu nimemlaza wapi? Chini! Namkaanga kama karanga!

Jumanne, 6 Oktoba
Nimepanda juu ya debe, nimefunga bembea ya kanga kwenye mkono wa juu. Mafundo manne. Nimeyajaribu kwanza kwa gunia la uwele, mimi si mwendawazimu. Methusela kalala saa mbili! Nami nikalala palepale chini ya mlingoti, mdomo wazi.

Kuamka, pembe ya kanga imeng'ang'ania vikombe vya juu. Upepo wa futi nane: sifuri. Nimeandika sifuri. Misheni walinikataza kudanganya.

Jumatano, 7 Oktoba
Nimempa Yotham shikamoo yake. Kaitikia marahaba huku anatazama juu. Eti, Mama Methusela, mlingoti umejifungua lini? Nikamwambia hicho ni chombo cha Serikali. Akauliza tangu lini vyombo vya Serikali vinakojoa.

Nikatazama. Ole wangu! Kipimajoto cha futi nne kimeloa chote. Upepo ulipoanza kukikausha, kikashuka nyuzi kumi na moja. Nimeandika. Yotham kaondoka anapiga mluzi. Atasema tu, yule.

Ijumaa, 9 Oktoba
Mtoto amelala. Mimi nimelala. Vipele vinanyauka. Jana sifuri na mkojo. Leo sifuri na mkojo.

Jumamosi, 10 Oktoba
Bembea nimeificha, Methusela mgongoni. Bwana Upepo kasoma vipimo, kavua kofia, kakaa juu ya debe langu. Anasema chini upepo unavuma, juu umekufa! Hewa ya katikati baridi, tena mchana! Eti miaka kumi na miwili anapima, hajaona hewa na ardhi zikipeana namna hii. Ataandika Ulaya.

Yotham akakohoa. Kikohozi cha makusudi.

Ningenyamaza. Lakini nikamwona Bwana anavyofurahi kama mtoto, na Ulaya nzima ikisoma mkojo wa Methusela. Nikasema mwenyewe. Nikaonyesha hata mafundo.

Yotham akajitokeza haraka, eti yuko tayari kuanza kazi sasa hivi. Bwana akamwambia asome kipimajoto cha juu. Yotham kapanda debe, kakodoa macho, kasoma kwa sauti ya shemasi: LONDON.

Ni kweli, imeandikwa pale kwenye kioo.

Kazi imebaki kwangu. Siku nne zimefutwa kwa wino mwekundu, nami nimeapa sitatundika kitu tena kwenye mlingoti huu. Nimeapa kwa moyo wote.

Jumapili, 11 Oktoba
Methusela kalia tangu alfajiri. Kalia ibada nzima. Mhubiri kashindwa.

Nimefikiri. Niliapia mlingoti HUU tu. Jumanne unaletwa mwingine, wa futi thelathini! Nimepiga hesabu: futi saba zinapunguza nyuzi sita. Basi futi thelathini, nyuzi ishirini na tano!

Nimemwandikia Loisi anitumie kwa lori la Lalji, bila kuchelewa: kamba ya katani, futi sabini. Kapi moja la chuma. Pini kubwa nne, za kubana pembe za kanga. Kipande cha mpira cha kumfunga mtoto matakoni, vipimajoto vipone na mkojo. Na sweta ndogo ya sufu, na soksi. Huko juu ataganda.