Mikoko ya Plastiki kwa Najat

Jumapili, 3 Juni 2007

Nimempigia Najat Pemba kutoka huku Guangzhou. Mchumba wangu, na kachoka kuningoja. Anasema maji ya chumvi yameingia tena kwenye bonde la mpunga la baba yake, maana mikoko ilikatwa yote kwa boriti na kuchomea chokaa. Yeye na wanawake wenzake wanapanda upya. Kaniuliza nitarudi lini niwasaidie, harusi ifuate. Nikasema biashara imenibana. Akaniaga kwa adabu. Bora angenitukana! Nimeapa: mikoko ataipata mpaka aikimbie.

Jumanne, 5 Juni

Akili hii kanipa Mungu! Mikoko wanayopanda, mingi hufa. Wa plastiki utakufaje? Nimekwenda kiwanda cha maua bandia na picha ya pwani yetu. Laobani, bosi wa kiwanda, kaigeuza juu chini, kadhani mizizi ndiyo matawi. Akasema meiyou, hakuna kitu hicho. Nikamtajia kontena zima. Kumbe kipo!

Ijumaa, 8 Juni

Sampuli tayari. Mizizi imesimama vilevile, majani yanang'aa. Nikachuchumaa kando yake, nikafumba macho, nikaitafuta harufu ya tope. Ule uvundo tuliokuwa tukiuziba pua utotoni! Wapi. Gundi tupu. Machozi yakanitoka mbele ya wafanyakazi. Laobani akadhani nalilia bei, akaipunguza. Ya Rabi, nina hamu na kwetu mpaka kifua kinauma.

Jumapili, 10 Juni

Khatib, mfanyabiashara mwenzangu hapa, anakwenda Pemba kesho. Sote tunanunua jinzi mji wa Xintang, na kila nikimtaja Najat yeye hukohoa. Simwamini hata chembe. Ila sanduku lake lina nafasi. Nimemkabidhi mkoko.

Jumamosi, 16 Juni

Balaa! Najat anasema mkoko wangu waliuchomeka pwani. Kaa hawakuchimba hata tundu moja karibu yake. Maji yalipojaa, ukang'oka, ukaenda zake. Mkoko hai, anasema, hushika tope, huvunja nguvu ya mawimbi, na watoto wa kamba hukulia mizizini mwake. Nani kauogelea kuurudisha? Khatib! Kumbe kila siku yumo matopeni, kakunja suruali, anapanda. Mwizi mkubwa!

Najat akasema hataki mzigo wowote kutoka Guangzhou. Anataka miguu yangu iingie kwenye tope lile, basi. Nikamwambia nina hamu naye kufa. Kadi ya simu ikaisha kabla hajajibu.

Jumapili, 17 Juni

Usingizi sikuupata. Miguu! Mbona mjinga mimi, siku zote sikuelewa? Kulipokucha tu, mbio kwa mwenye kiwanda cha mabuti ya mpira. Kontena zima! Najat na wenzake waingie matopeni miguu mikavu, na Khatib abaki na suruali yake iliyokunjwa.

Mwenye kiwanda akauliza saizi. Nikamkumbuka Najat akitangulia mbele yangu pwani, nami nakanyaga pale pale alipokanyaga yeye. Miaka mitatu sasa. Nikajaribu kupima kwa kiganja changu, hapana, mara hivi, mara vile. Saizi ya mguu wake siijui.

Nimeagiza zote.