Siri ya Sukuma ya Benter

Jumatatu, 11 Agosti
Kagure amekataa sukuma wiki yangu tena. Ameisukuma pembeni ya sahani kama mtu anayefagia uwanja. Ni mjukuu wangu wa miaka saba, ameletwa kwangu hapa Wamagana likizo nzima. Mama yake, Tabby, niliyemzaa na kumlisha sukuma hiyo hiyo, amepiga simu. Ati kama mtoto hali mboga, atakuja Jumapili amrudishe Nairobi. Nimemwambia aje na njaa. Mtoto haendi popote. Nyumba hii ilikuwa imenyamaza sana kabla hajaja.

Shule sikuingia, lakini jikoni nilizaliwa.

Jumanne, 12 Agosti
Nimeificha sukuma ndani ya mukimo wa viazi na mahindi. Nimeponda mpaka mkono ukauma. Kagure akachomoa kipande cha jani, akakiinua kwenye mwanga, akaniuliza hiki ni nini. Nikasema ni jani la malenge. Akaniuliza kama pasta anajua ninadanganya.

Mchana akatorokea kwa Benter, mpangaji wangu, bibi ya polisi, mtu wa Siaya. Akala sukuma huko. Akaomba nyongeza! Benter mwenyewe ameniambia, akicheka juu ya ua. Nimecheka pia. Kwa meno tu.

Jumatano, 13 Agosti
Nimeenda kwa Benter kuomba chumvi. Niko na chumvi ya kutosha kanisa nzima. Nikakalia stuli karibu na jiko, macho wazi. Benter akanijua mara moja. Akasema Shosho, vile Kagure huniita, kama ni sukuma si uulize tu. Akakunja majani pamoja, akayakata membamba kama uzi. Akakaanga kitunguu kikawa rangi ya chai, nyanya ikafuata, halafu sukuma. Akageuza kidogo, akaepua ikiwa bado kijani. Ati mimi naichemsha mpaka inasahau ilikuwa mboga. Ati siri ndiyo hiyo, hakuna ingine.

Nani anatoa siri yake bure hivyo? Huyu mwanamke ananificha kitu. Tena sukuma yenyewe ilikuwa inalia mdomoni, haijaiva. Ilikuwa tamu, lakini hiyo si hoja.

Alhamisi, 14 Agosti
Nimejua. Siri ni majani! Nimemwona Benter akimwagia sukuma zake maji aliyooshea samaki. Nikangoja aende sokoni, nikavuna. Shamba ni langu, yeye ni mpangaji.

Nimechemsha kutoka chai ya saa nne mpaka chakula cha mchana, na magadi ndani ili ilainike vizuri. Kagure akasema Shosho, hii ni sabuni. Nikampa ng'ombe. Ng'ombe akaniangalia.

Jumamosi, 16 Agosti
Benter ameona sukuma zake zimenyolewa. Hakugomba. Ameniletea zilizobaki, ameshazikata kabisa, ati Shosho, mtoto asiende kwa sababu ya mboga. Nilikasirika sana. Nikamjazia chupa maziwa, nikamwambia asinirudishie chupa chafu.

Jumapili, 17 Agosti
Tabby amefika tukitoka kanisani, na begi tupu la nguo za mtoto. Nikaenda jikoni kama mtu anayeenda vitani. Nikakaanga kitunguu, Tabby apate harufu kwanza. Nyanya. Sukuma ya Benter. Nikageuza. Magadi iko mkononi, maji iko kwa jagi, na gesi ikazima. Mtungi umeisha! Kuni zimeloa na manyunyu haya ya Agosti. Nikapakua hivyo hivyo, mbichi, aibu imenijaa.

Kagure akamaliza. Akapangusa sahani na ugali, akaomba ingine. Tabby akaomba pia, akauliza nani amepika. Nikamwambia alale salama huko Nairobi kwake. Begi limerudi tupu. Mtoto anakaa mpaka shule zifunguliwe.

Jumatatu, 18 Agosti
Kumbe kweli ni maji ya samaki. Asubuhi nimemwagia shamba lote. Paka wa Wamagana nzima wako hapo, wamekaa kwa mistari.

Kesho kina mama wa kanisa wanakuja kula. Nimenunua mtungi mpya, umejaa. Nitaanza kuchemsha alfajiri, sukuma isije ikanibakia mbichi kama jana. Magadi nimeongeza.

Kagure ameuliza kama kesho anaweza kula kwa Benter. Maskini, hajui utamu unaomngoja.