Mahari ya Mbale

Jumatatu, 3 Machi 2025

Barua kutoka Mbale. Si ya mapenzi. Afisa ustawi wa jamii ananiita kwa jina kamili: Tonny Waiswa, askari magereza, Jinja. Olivia amemwambia mimba ni yangu. Amebakiza wiki tatu ajifungue. Ndoa hataki. Anataka niandikwe baba na nimtunze mtoto. Basi!

Nilidhani nikizima simu mambo yatakwisha yenyewe. Nimeizima tangu Oktoba. Naona haya, kusema kweli. Olivia ni fundi cherehani, mtu mwema. Mwezi wa sita, nilipokuwa Mbale kwa mafunzo ya wiki mbili, alinishonea shati bure. Ndilo nimevaa sasa hivi.

Lakini haya haimzuii mtu kufikiri. Mpango: niende Mbale kimyakimya, nimbembeleze afute maneno yake, nirudi kabla kazini hawajanusa kitu.

Jumanne, 4 Machi

Nimeandika ombi la ruhusa. Mkuu wetu, Afande Ignatius, mtu wa Lira, anataka kila barua iwe ya Kiswahili. Kiingereza, asema, ni cha wafungwa wenye mawakili. Nikaandika kwa ufundi, bila uongo mwingi: "Naomba siku tatu. Nina mahari pa kwenda Mbale." Sikueleza zaidi. Mwerevu mimi!

Alhamisi, 6 Machi

Ole wangu! Kwenye gwaride la asubuhi Afande alisoma barua yangu kwa sauti. Akanguruma: "Waiswa iko mwanaume! Wengine nakimbia mimba, yeye napeleka mahari!"

Mahari? Nilitaka kuandika mahali! Sisi Wasoga, r na l kwetu ni mapacha. Ukimwita mmoja, anakuja mwingine. Nikafungua kinywa nisahihishe. Wakapiga makofi. Nikakifunga.

Sasa kuna mbuzi. Kuna gunia la sukari. Afande amenunua gomesi, gauni la heshima la mama mkwe, kwa pesa zake mwenyewe. Akauliza binti ni nani, nami, kwa woga, nikamtaja. Herbert, ninayeishi naye chumba kimoja mtaani Kimaka na asiyenipenda tangu nimtangulie kupata ukoplo, amejiteua msemaji wa msafara. Anacheka chini chini. Nadhani anajua kitu.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya Wanawake. Ingekuwa bora nife.

Tulifika Mbale watu kumi na mmoja na mbuzi. Mama yake Olivia akapiga vigelegele kabla hajajua ni vya nini. Baba yake, Mzee Joash, akatoa viti huku akituuliza tumepotea njia au vipi. Herbert akasema tumekuja kuchuma ua.

Ua likatoka ndani, tumbo mbele. Olivia aliwaamkia wageni mmoja mmoja kwa adabu. Kisha akasema habari ya mahari ndiyo kwanza anaisikia leo. Alipiga simu tangu Oktoba. Aliomba mtoto awe na baba, basi. Mwanaume anayeogopa simu, yeye hawezi kumwita mume. Halafu akanigeukia. "Bwana Waiswa, mimba hii ni yako au si yako?"

Nikasema inategemea.

Afande hakuniangalia. Aliangalia viatu vyake, na hilo liliniuma kuliko kofi. Nikasema ni yangu. Mzee Joash akasema masikio yake yamezeeka, nirudie. Nikarudia.

Posa imekataliwa. Mbuzi na sukari vimebaki, vya mtoto. Gomesi pia imebaki, maana mama mtu alikwisha kuivaa.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani. Herbert ananiita bwana harusi. Nimelia bafuni, bomba likiwa wazi. Nimemtesa mtu aliyenitendea wema, na nimemwaibisha Afande. Kuanzia leo mimi ni baba. Simu nimeiwasha.

Jumanne, 25 Machi

Mbale. Olivia amejifungua mtoto wa kike, Daphine. Nimempakata. Alikishika kidole changu akakibana. Machozi yakanitoka mbele ya wodi nzima, sikujali. Nikaapa moyoni kwamba huyu sitamkana kamwe.

Mkunga akaja na kadi ya mtoto. Akauliza mimi ni nani wake. Swali rahisi. Nikajibu kwamba mimi ni mjomba.

Sijui neno hilo limetoka wapi! Olivia alinitazama tu. Hakukasirika hata kidogo, na hapo ndipo niliposhindwa kuinua uso. Akamtajia mkunga jina la baba, polepole, na mkunga akaandika. Nikatoka nje masikio yakiwaka kwa aibu.

Sasa nimekaa kwenye benchi, nimetulia kidogo. Kadi niliichungulia kabla ya kutoka. Mwandiko wa mkunga ni mbovu sana. Waiswa, ukiisoma haraka, ni Wafula kabisa. Na hapa Mbale akina Wafula hawahesabiki. Mungu si Athumani.